Januari Nayo Ina Haki Yake

Kila ifikapo katikati ya Desemba, ofisi na viwanda vingi nchini huwalipa wafanyakazi mshahara kabla ya siku yake ya kawaida, ili wapate kuandaa Krismasi na Mwaka Mpya. Nia ya jambo hili ni njema. Lakini ndani yake mna mtego. Mshahara uliotolewa tarehe 20 Desemba hauna budi kumfikisha mwenye nao hadi mwisho wa Januari, yaani siku 40 na zaidi. Fedha ni zile zile za mwezi mmoja. Kilichoongezeka ni siku, tena siku zenye gharama kuliko zote za mwaka.

Tuzihesabu gharama hizo. Abiria waendao Moshi, Bukoba na Mbeya wanajua jinsi tiketi zinavyogombaniwa, na jinsi wapiga debe wasivyoona haya kudai zaidi ya nauli iliyoidhinishwa. Nyumbani wazazi na ndugu wanangoja, na hakuna apendaye kubisha hodi mikono mitupu. Kisha Januari huingia, na shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha sita. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Na mwenye nyumba adaiye kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo haulizi kama mpangaji wake alichinja mbuzi.

Hapo ndipo mkopeshaji anapojitokeza. Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina linaloifaa: kausha damu. Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Aliyekopa shilingi 200,000 kwa kiwango hicho na kuzirudisha baada ya miezi mitatu hulipa riba ya shilingi 21,000. Akiangukia mikononi mwa mtu adaiye asilimia 20 kwa mwezi, riba ni shilingi 120,000, zaidi ya nusu ya fedha alizochukua. Wako wanaoshika kadi ya benki ya mdaiwa. Wako wanaomwaibisha kwa kuwapigia simu jamaa na marafiki zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa njia ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tangazo hilo lilistahili sifa, lakini tangazo halilipi deni la mtu.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ugonjwa na msiba havipigi hodi, na anayekopa kwa ajili yake hana wa kumlaumu. Sikukuu si dharura. Krismasi haihami tarehe yake, na Idd, ingawa huzunguka mwaka, kalenda huionyesha mapema. Kuikopea siku iliyojulikana tangu mwaka jana ni kuiuza kazi ya Februari na Machi kabla haijafanywa.

Basi tunawashauri wafanyakazi kuugeuza mpango wao. Mshahara wa Desemba ukipokelewa, Januari itengewe kwanza: sare, kodi, chakula na nauli ya kwenda kazini. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kikubwa au kidogo. Na ili kisiwe kidogo mno, akiba ianze Februari, katika kibubu, kikoba au chama cha akiba na mikopo cha kazini. Shilingi 10,000 kila mwezi, kuanzia Februari hadi Novemba, ni shilingi 100,000 zisizo na riba wala aibu. Ndugu wa ukoo mmoja nao wakubaliane mapema nani ataleta mchele na nani ataleta nyama, badala ya kumwachia mmoja aliyeko mjini, kana kwamba mjini fedha huokotwa.

Hata hivyo, si haki kuutupia lawama yote mfuko wa mfanyakazi. Waajiri na vyama vya wafanyakazi wanaweza kupatana kwamba nusu ya mshahara wa Desemba itolewe kabla ya Krismasi, na nusu tarehe ya kawaida. Jambo hilo halimwongezei mwajiri gharama hata senti moja, nalo litapunguza siku za ukame. Viongozi wa matawi ya kazini walifikishe mezani mapema, si wiki ya mwisho. Nao wenye dhamana ya kusimamia leseni na nauli wafanye ukaguzi Desemba, wakati wizi unapotendeka, si Februari wakati wa kupokea malalamiko.

Mtoto anayesimama mstarini siku ya kwanza ya shule bila viatu hakuhudhuria mkutano wowote wa kupanga sherehe. Yeye ndiye wa kufikiriwa kwanza.