Ukuta wa Timu Haujengwi kwa Sifa

Kijana aliyeko chuoni anapowapigia simu wazazi wake, pamoja na habari za karo na mitihani huja neno jingine ambalo baba na mama wengi hulipuuza: "Nimechaguliwa katika timu," au, kwa sauti ya chini zaidi, "Nimeachwa." Kwa mzazi huo ni mchezo tu wa jioni. Kwa kijana wa miaka 20 hiyo ni hukumu ya kwanza kupitishwa juu yake na watu wasio ndugu zake. Kwa sababu hiyo si vibaya tukijiuliza jinsi hukumu hiyo inavyotolewa, na hasa kwa wale wanne wasimamao mbele ya mlinda mlango, ambao uchaguzi wao hufanywa ovyo kuliko wa wengine wote.

Desturi ya viwanja vyetu inajulikana. Mwalimu huanza kwa kutafuta wafungaji. Wenye chenga hupewa mbele, wenye pumzi hupewa katikati, na wanaobaki husukumwa nyuma wawe mabeki. Timu ya namna hiyo hushangiliwa sana katika dakika 20 za mwanzo. Baadaye mashabiki hao hao huanza kumlaumu mlinda mlango.

Tuchukue mfano wa Litembo, katika Wilaya ya Mbinga, mahali panapojulikana mbali kwa hospitali yake kongwe ya misheni. Tuseme mwalimu wa timu ya chuo huko anajitayarisha kuteremka na vijana wake hadi Mbamba Bay, wakacheze na wenzao wa ufukoni. Milima ya Umatengo imepanda zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Vijana wataondoka asubuhi katika baridi na ukungu, na alasiri watakimbia katika joto. Mwalimu anao walinzi sita. Nafasi ni nne.

Wa kwanza ni mrefu, anapiga mpira wa kichwa vizuri, na jina lake huimbwa na uwanja mzima. Ila akipanda kwenye kona hachelewi kusahau njia ya kurudi. Wa pili ni mfupi, hana mbwembwe, lakini ndiye anayewaambia wenzake wasogee wapi. Wa tatu ndiye pekee anayetumia mguu wa kushoto. Wa nne ana nguvu kuliko wote, lakini tangu wiki iliyopita anachechemea na anaficha maumivu ya kifundo cha mguu kwa kuogopa kupoteza namba. Wa tano ni mdogo wa yule aliyeinunulia timu jezi. Wa sita ni mgeni wa mwaka wa kwanza, ambaye hakosi mazoezi hata mvua ikinyesha.

Mwalimu mvivu atamaliza kazi kwa dakika moja: mrefu, mwenye nguvu, mwenye mguu wa kushoto, na ndugu wa mwenye jezi. Atakuwa amechagua watu wanne, lakini hajachagua safu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika sheria ya 11 ya kandanda, ile ya kuotea. Zamani mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 wakapunguzwa wakawa wawili, na timu nyingi zikalazimika kumrudisha nyuma mchezaji wa katikati ili aongeze ulinzi. Ndiyo maana wapo wazee ambao hadi leo humwita namba 5 sentahafu. Mwaka 1990 ikakubaliwa kwamba mshambuliaji aliye sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho hajaotea. Maana yake kwa mabeki ni nzito. Watatu wakipanda pamoja na mmoja akabaki nyuma hatua mbili, kazi ya wale watatu imepotea. Mwamuzi hapimi ujuzi wa kila mmoja wao. Anatazama aliyebaki nyuma.

Mwaka 1992 likaongezwa jambo jingine: mlinda mlango haruhusiwi kuushika kwa mikono mpira aliopigiwa kwa mguu makusudi na mwenzake. Tangu hapo beki anayejua kubutua peke yake amekuwa mzigo. Anapaswa autulize mpira huku adui yu kisogoni, kisha ampe mwenzake aliye mahali pazuri zaidi. Hayo hayawezekani kwa watu wasiozoeana.

Wamatengo hawana haja ya kufundishwa jambo hili na kitabu cha kandanda. Katika miteremko yao mikali hulima kwa ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati na kuyafukia, mpaka mlima mzima unajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake na udongo haukimbilii bondeni. Lakini tuta moja likibomoka, maji yake huangukia shimo la chini, na hilo nalo huzidiwa. Mkulima hatafuti tuta moja refu la kuwaonyesha wapita njia; hulitengeneza lililo dhaifu.

Basi mwalimu wetu afanye vivyo hivyo. Aanze na yule mfupi, kwa kuwa safu isiyo na msemaji ni watu wanne waliopotea. Kando yake amweke yule mrefu, lakini kwa sharti lililotamkwa mbele ya wote: akipanda kwenye kona, kiungo fulani atabaki mahali pake, naye mpira ukipotea atarudi mbio. Kushoto hakuna mjadala. Nafasi ya kulia ndiyo ngumu. Mwenye kifundo kibovu asipelekwe kabisa, hata akiapa kwamba amepona. Jeraha likichezewa kabla ya kupona huweza kumwondoa uwanjani kwa msimu mzima, na huyu ni mwanafunzi ambaye kesho atahitaji kusimama darasani au kazini. Wanabaki ndugu wa mwenye jezi na mgeni wa mwaka wa kwanza. Hapo mwalimu awajaribu wote wawili pamoja na wale watatu, wakati wa jua kali, na baada ya mbio ndefu, maana atakayewashinda Mbamba Bay ni joto kabla ya adui. Anayeshikamana na wenzake akiwa amechoka ndiye acheze. Ikiwa ni ndugu wa mwenye jezi, apewe namba kwa haki yake, naye asinyimwe kwa kuogopa maneno ya watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Marekani wana mchezo wao wa mpira unaobebwa mikononi, na vyuo vikuu vya huko hujaza viwanja vikubwa kwa ajili yake. Mbele ya yule mrusha mpira husimama vijana watano ambao kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi. Kazi yao ni kuzuia. Tangu mwaka 2015 ipo tuzo iitwayo Joe Moore inayotolewa kwa safu bora ya namna hiyo katika vyuo, na hupewa safu nzima badala ya mtu mmoja. Waliona kwamba kumtenga mmoja kati ya watano ni kusema uongo.

Nasi tuna ya kwetu. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, 1986 na tena 1998, huku Ruvuma ikiwa mbali na vilabu vikubwa vya Dar es Salaam. Tukiulizwa waliofunga mabao, wengi wetu tutajibu upesi. Tukiulizwa waliozuia, tutakuna vichwa.

Linabaki suala la wale wawili waliobaki chuoni, na hapa ndipo mzazi anapoingia. Mwalimu ana wajibu wa kuwaita kabla hajabandika orodha ukutani, akawaeleza sababu kwa maneno yanayoeleweka: kifundo kipone kwanza, au jifunze kusikia sauti ya mwenzako. Kijana anayejua sababu hurudi mazoezini Jumatatu. Asiyeijua hubuni yake mwenyewe, nayo huwa chuki au upendeleo.

Kwa hiyo jioni ile simu ikilia na kijana akasema ameachwa, msikimbilie kumlaani mwalimu, wala msimwambie kwamba mpira haumhusu. Mwulizeni kama ameambiwa sababu. Akiwa hajaambiwa, mtieni moyo aende kuiuliza kwa adabu. Na akisema amechaguliwa kucheza beki, mpongezeni kama mfungaji wa mabao.