Kabla Uuze Mayai, Uliza Skani Ni Ngapi

Wasee, lile tangazo la "wanatafutwa wasichana wachangia mayai, wawe wamesoma, malipo mazuri" mmeliona. Mimi nililiona wiki ile nimefungiwa mtihani juu ya karo. Nilipiga hiyo namba, kwa hivyo sikuhukumu kama umeipiga.

Ajenti akaniambia ni sindano za siku kumi hivi, halafu unalala kidogo, unaamka na chapaa yako. Nikamuuliza nitapigwa skani mara ngapi. "Moja tu mwishoni, usijali." Nilikata simu.

Nilijua kuuliza kwa sababu ya dadangu. Yeye ndiye alikuwa anatafuta mtoto kwa IVF. Nilimsindikiza kliniki Hurlingham, tukitoka Jamhuri kabla jua lichomoze, na baada ya sindano kuanza ilikuwa kila siku mbili tatu. Anaambiwa aende choo kwanza, kisha skani. Si ile ya kupakwa jeli tumboni, ni kifaa chembamba kinachoingia ukeni. Nesi anaandika: kulia saba, kushoto tano, hiki milimita 14.

Wanachohesabu ni foliko, vifuko vyenye maji ambamo yai hukomaa. Mwezi wa kawaida mwili wako hukomaza yai moja tu. Zile sindano za homoni hulazimisha mengi yakomae pamoja. Vifuko vinakua kama milimita 1 au 2 kwa siku, na kadhaa vikifika karibu 18 unadungwa ile sindano ya mwisho. Saa 34 hadi 36 baadaye mayai yanavutwa kwa sindano ndefu ukiwa umelazwa usingizi.

Sasa sikiza hapa. Mwenye hatari kubwa ni msichana mdogo mwenye mayai mengi, yaani yule yule tangazo linamtafuta. Vifuko vikiwa ishirini na zaidi, ovari zinaweza kufura, maji yavuje tumboni, utapike, ushindwe kupumua, hata damu igande. Skani ikionyesha mapema, daktari anapunguza dawa, anabadilisha sindano ya mwisho ama anasimamisha kila kitu. Skani moja mwishoni itamwonyesha tu kwamba amechelewa.

Dadangu alikuwa mteja, akaangaliwa. Mimi kwao ningekuwa shamba. Na sindano ni zile zile!

Najua mtasema naharibia watu riziki, na kuna wanandoa wanaolilia mtoto. Sina shida na kuchangia, dadangu mwenyewe angeweza kuhitaji yai la mtu. Lakini watoto wa kwanza wa IVF Kenya walizaliwa 2006, na Millie Odhiambo amesukuma mswada wa teknolojia ya uzazi bungeni miaka na miaka, na bado mimi nilikuwa napangiwa mwili wangu na msee wa WhatsApp ambaye hata si daktari.

Kwa hivyo kabla ya sindano ya kwanza, uliza: skani ngapi? Nani anazisoma? Nitapewa nakala ya vipimo vyangu? Tumbo likifura saa nane usiku nampigia nani, na bili ya hospitali ni ya nani? Taka majibu kwa maandishi, kutoka kwa daktari. Ajenti akikasirika, mblok.

Karo bado sijalipa, by the way. Ajenti, msinitumie DM.