Mhitimu wa Tarakilishi na Amana ya Mgonjwa



Kila baada ya mahafali ya vyuo vikuu, swali moja huzunguka majumbani mwetu: kijana amehitimu sayansi ya tarakilishi, sasa ashike njia gani? Wengi hutazama benki na kampuni za simu. Juma hili twapenda kuwaonyesha wazazi, khasa akina mama wenye mabinti waliohitimu, mlango mwingine: kuunda programu zinazotumika hospitalini na zahanatini.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alizitaja tiba na hesabu katika Ihyaa Ulumiddin kuwa miongoni mwa elimu za fardhi kifaya. Mji ukikosa wazijuao, lawama huwa juu ya wote. Wakipatikana wa kutosha, wengine huwa wametuliwa mzigo. Kazi tunayoizungumzia imezikusanya zote mbili.

Tutazame kliniki ya wajawazito. Jina la mama, umri wake, majibu ya damu, kipimo cha Ukimwi na mimba zilizoharibika, yote huandikwa. Zamani daftari lilifungiwa kabatini. Siku hizi habari hizo zazidi kuingizwa katika tarakilishi. Je, karani wa mapokezi aruhusiwe kuyaona majibu ya maabara? Ujumbe wa kumkumbusha mama siku ya kliniki upelekwe kwa simu ya nani, na kwa maneno gani, ilhali nyumba nyingi hutumia simu moja watu watatu? Ujumbe ukiutaja ugonjwa, siri ya mtu imekwisha kufichuka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imezihesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ikafuata mwaka 2023. Hata hivyo, maamuzi madogo madogo ya kila siku hufanywa na mwenye kuiandika programu. Binti aliyelelewa katika nyumba ya stara atauliza maswali haya kabla ya mwanamke mwenzake kudhurika.

Basi ajipange vipi? Kwanza, aijue zahanati. Aombe nafasi ya kujifunza kazi kwa miezi kadhaa katika idara ya rekodi, aone muuguzi anavyojaza fomu huku foleni ikingoja, na mambo yanavyokwenda umeme ukikatika. Akiikosa elimu hii, ataunda mfumo mzuri usiotumiwa na mtu.

Pili, ajifunze mifumo iliyopo. OpenMRS ilianza mwaka 2004, na chimbuko lake moja ni kazi ya kuweka rekodi za wagonjwa wa Ukimwi huko Eldoret. Juu yake ndipo ulipojengwa mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vyetu vingi. DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo Wizara ya Afya inayoitumia tangu 2011 kukusanya takwimu za nchi nzima. Zote mbili ni programu huria: yeyote aweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuchangia. Binti aliye Lamu au Kisauni, akiwa na tarakilishi na intaneti, aweza kuanza nyumbani, na kazi yake ikaonekana na waajiri wa mbali.

Tatu, asome kanuni za FHIR, ambazo huiwezesha mifumo ya hospitali mbalimbali kupeana habari za mgonjwa na kuelewana. Maelezo yake hupatikana bure mtandaoni. Shahada ya pili yaweza kungoja mpaka aijue kazi.

Wazazi nao yafaa wajue ukweli. Ajira nyingi za aina hii ni mikataba mifupi inayotegemea wafadhili. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya ilitetereka na watu wakapoteza kazi. Kwa hiyo kijana aweke akiba mapema, na ujuzi wake usifungwe kwa mradi mmoja. Nanyi msimharakishe kwa kumlinganisha na jirani aliyepata mshahara mwezi wa kwanza; mpeni miaka miwili ya kujijenga. Posa ikija kabla ya hapo, jambo la kazi lizungumzwe waziwazi na pande zote mbili kabla ya nikaha, ili lisije likawa ugomvi baada ya harusi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape rizki ya halali, na awafanye wenye kuchunga amana za wagonjwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.