Fedha za Barabara Zibakie Visiwani

Tangu Serikali ya Awamu ya Nane ishike hatamu mwezi wa Novemba 2020, wananchi wa Unguja na Pemba wameshuhudia kazi za ujenzi ambazo hazikupata kuonekana kwa wingi huo kwa miaka mingi. Makatapila yameingia mashamba, lami imemwagwa mitaani, na jengo jipya la abiria la Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, ambalo ujenzi wake ulisuasua kwa takriban muongo mzima, sasa linapokea wageni. Hapana mpenda maendeleo atakayeyanung'unikia hayo. Pamoja na hivyo, ni wajibu wa ukurasa huu kuuliza swali ambalo kila mlipa kodi ana haki nalo: fedha hizi, ambazo sehemu kubwa yake ni mkopo utakaolipwa na watoto wetu, zinapomwagwa barabarani humfikia nani?

Tunauliza kwa sababu kila jiwe la msingi linapowekwa wananchi huelezwa kuwa mradi una madhumuni mawili, kurahisisha usafiri na kuleta ajira. Dhumuni la kwanza huonekana kwa macho. Anayetoka Makunduchi kwenda mjini anajua kama safari imefupika au haikufupika. La pili halijioneshi lenyewe. Barabara yaweza kukamilika kwa wakati, ikafunguliwa kwa ngoma na hotuba, na kijana wa shehia iliyopitiwa asiwe amepata hata siku moja ya kibarua.

Na vijana hao ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Yaani katika miaka kumi tumeongezeka karibu laki sita, idadi inayoshinda watu wote wa Pemba walioonekana katika sensa hiyo ya pili. Utalii umechukua sehemu yao, biashara ndogo ndogo zimechukua sehemu, lakini kila mwaka skuli zetu zinatoa wengine. Hao hawawezi kuambiwa wasubiri mpaka barabara zilete wawekezaji na wawekezaji walete kazi. Kazi ya kwanza ya barabara ni barabara yenyewe.

Hebu tuitazame shilingi. Kibarua wa Konde akilipwa ujira wake, hununua unga na sukari katika duka la Konde. Mwenye duka humlipa mwenye gari. Mwenye gari hutengenezewa gari lake na fundi wa Wete. Na fundi naye ana watoto wa kulisha. Shilingi ile imefanya kazi mara nne kabla ya kuvuka bahari. Lakini shilingi inayolipia greda, lami na mshahara wa mtaalamu wa kigeni hupanda meli karibu siku ile ile. Lami haichimbwi Unguja, wala greda haliundwi Pemba. Hatusemi vitu hivyo visinunuliwe. Tunasema kwamba mradi wa mabilioni unaweza kuacha fedha kidogo sana visiwani, na mradi mdogo ukaacha nyingi, ikitegemea vifungu vilivyoandikwa ndani ya mkataba kabla haujatiwa saini.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1974 walianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotumia majembe, machepeo na matoroli pale ambapo wengine wangepeleka mashine. Vibarua waliajiriwa kutoka katika vijiji vile vile vilivyopitiwa. Hadi kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamejenga zipatazo kilomita 8,000. Na ziko habari moja za mpango ule ambazo maofisa wetu wangefaa wazisome mara mbili: barabara ilipokwisha kujengwa, wakaazi wa kandoni mwake, wengi wao waliokuwa vibarua wake, walipewa kila mmoja kipande kifupi cha kukitunza kwa ujira, kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kufukia mashimo kwa siku chache za kila juma. Hivyo ajira haikuondoka siku mkandarasi alipoondoka.

Wako watakaosema kwamba jembe ni kurudi nyuma, na kwamba Zanzibar ya leo haiwezi kujengwa kwa karai. Hoja hiyo ina ukweli wake. Njia ya ndege haishindiliwi kwa miguu, na barabara kuu kama ile ya Chake Chake hadi Mkoani, inayobeba magari mazito ya bandarini, inahitaji mashine na wahandisi waliobobea. Lakini baina ya barabara kuu na konde la mkulima ziko njia nyingi za udongo ambazo mvua za masika huzigeuza vijito. Huko ndiko karafuu zinakotoka, na huko ndiko dagaa na mwani unakoanikwa. Mkulima anayekaa mbali na barabara huuza kwa bei ya yule wa kwanza aliyeweza kumfikia. Mitaro, makaravati na kuta za mawe katika njia hizi ni kazi ya mikono na mafundi wetu wa mawe wanaiweza. Watu ambao mababu zao waliujenga Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawahitaji kuletewa mtu wa kuwafundisha kupanga jiwe juu ya jiwe. (Juu ya kifusi na mchanga tuna neno jingine, kwa maana mashimo yaliyoachwa wazi Mkoa wa Kaskazini Unguja yanatisha, lakini hilo linastahiki siku yake.)

Liko pia suala la matunzo, ambalo katika nchi zetu limekuwa kama mtoto wa kambo. Fedha za kujenga hupatikana, kwa sababu ujenzi una utepe wa kukatwa. Fedha za kuzibua mtaro hazina utepe. Barabara ya lami isiyozibuliwa mitaro yake hufa kabla ya mkopo wake kulipwa, na taifa likabaki linalipia kitu ambacho hakipo. Waliosoma vyuoni wanayajua mapokezi mashuhuri ya Sayyidna Omar, aliyekhofu kwamba nyumbu akijikwaa huko Iraq yeye ataulizwa kwa nini hakumtengenezea njia. Khofu ile ilikuwa ya mtawala mbele ya njia mbovu, hata iliyo mbali naye.

Kwa mtu wa visiwani, lakini, barabara haiishii ufukweni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, na haujapita mwaka, Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ziko nyumba hapa ambazo hazijatoka katika msiba ule. Serikali iliitikia kwa kununua MV Mapinduzi II, meli mpya yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200, iliyowasili Desemba 2015, na ilistahiki kupongezwa. Lakini ukitazama namna tunavyozungumza juu ya miundombinu, kilomita za lami hutajwa kwanza na gati hutajwa mwisho. Mizani hiyo si ya watu wa visiwa. Mpemba anaweza kupata barabara nzuri kutoka Wete hadi Mkoani, kisha akalala bandarini na mzigo wake. Ajira zilizomo katika bahari nazo ni nyingi: mabaharia, mafundi wa injini, wachomeleaji, wachukuzi, wakaguzi wa meli. Tungependa kuona vijana wa Pemba wakifundishwa kazi hizo kwa wingi ule ule unaopangwa kwa madereva wa magreda.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara inayohusika, na tunawaomba Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi wanapokaa kuijadili bajeti, wayadai mambo ambayo hayagharimu chochote ila nia. Kila mkataba wa barabara utaje idadi ya siku za kazi zitakazopewa wakaazi wa shehia zinazopitiwa, na ujira wake. Orodha ya walioajiriwa ibandikwe ofisini kwa sheha, isomwe na kila mtu, ili pasiwe na mtu wa kuajiri jamaa zake watupu. Kwa kila mtaalamu wa kigeni awepo kijana wetu anayejifunza kazi yake, kwa jina. Fungu la matunzo litengwe kabla ya fungu la ujenzi mpya, na likitumiwa kwa jambo jingine, Baraza lielezwe.

Matawi ya Chama yaliyoko katika shehia hizo nayo yana kazi. Badala ya kungoja siku ya kufunguliwa barabara ili yapeleke vikundi vya ngoma, yaende leo yakaihesabu orodha iliyo ukutani kwa sheha. Pale ambapo hakuna orodha, yaulize ni kwa nini, na jibu lake liletwe mkoani kabla ya masika kuanza.