Koti la mvua lililobaki msumarini

Leo nawaletea kisa cha nyumbani kwangu, nami najua wapo miongoni mwenu watakaosema, "Huyu ananizungumzia mimi."

Sisi twaishi upande wa Limuru, ambako baridi na ukungu si vitu vya ajabu. Lakini Jumatano moja ya Aprili jua lilitoka mapema, likawaka kama la Januari. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, alimeza chai yake haraka haraka na kushika mkoba.

"Chukua koti, huu ni msimu wa masika," nikamwambia.

"Mvua iko wapi, Mama?" akanijibu akiwa tayari mlangoni. Koti likabaki likining'inia msumarini.

Saa tisa mbingu zikafunga. Saa kumi, wakati watoto wanapotoka darasani, mvua ilikuwa ikimwagika utadhani kuna mtu amepindua pipa. Saa kumi na mbili hajafika. Saa moja hajafika. Wale ambao mmewahi kusimama dirishani mkimngoja mtoto mnajua nilivyokuwa. Njiani kuna kijito ambacho wakati wa kiangazi hata kuku hukivuka, lakini maji yaendayo kasi, hata yakiwa chini ya goti, humwangusha mtu mzima. Nikakumbuka mwaka wa 2024, mafuriko yalipofanya shule zikae zimefungwa mpaka Mei 13, na jinsi tulivyonung'unika kwamba watoto wanatumalizia unga!

Aliingia saa moja na nusu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili ulikuwa na soksi tu. Vitabu vilikuwa vimefura kama maandazi. Kumbe walikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwavuli. Kwanza walijikinga chini ya mkaratusi, radi ikapiga karibu, wakatimua mbio. (Waulizeni watu wa Kisii na Kakamega kama mti mrefu ni mahali pa kukimbilia wakati wa radi.) Kisha wakashikana mikono na kuvuka kijito. Kiatu kikaenda na maji. Mimi nilikuwa nikifikiria kingine ambacho kingeenda na maji, na hofu yangu ikageuka hasira. Nikafoka mpaka majirani wakasikia.

"Kwa nini hukuchukua koti?"

Hakujibu. Alikwenda msumarini, akalitoa, akalivaa mbele yangu. Mikono iliishia kwenye viwiko. Mgongoni kulikuwa na bata wa manjano.

"Wavulana huniita Bata," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Koti hilo nililinunua alipokuwa darasa la sita. Nimelipita pale ukutani kila siku bila kujiuliza hata mara moja kama bado lamtosha. Nilikuwa nikilea msichana wa darasa la sita huku yeye akinipita kwa urefu!

Sisemi kwamba hakukosa. Kukubali kulowa mpaka mifupani ili usichekwe ni upumbavu, nami nilimwambia hivyo. Lakini ndivyo vijana walivyo. Jirani yangu aligundua kwamba mwanawe huficha mabuti ya mpira kwenye majani chai, halafu anakwenda shuleni na viatu vyepesi. Sisi enzi zetu tulijifunika mfuko wa plastiki kichwani, na hatukuona haya kwa sababu kila mtu alikuwa nao. Hiyo mifuko nayo ilipigwa marufuku Agosti 2017.

Usiku huo akataka kuingiza jiko la makaa chumbani ili sweta ikauke, kwani ndiyo pekee aliyo nayo. Nikakataa katakata. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Tuliikunja sweta ndani ya taulo kavu, tukaikanyaga kwa miguu mpaka taulo ikanyonya maji, kisha tukaianika jikoni, dirisha likiwa wazi. Asubuhi ilikuwa na unyevu kidogo tu. Kile kiatu kimoja tulikijaza magazeti makuukuu, ingawa sijui tulikuwa tukikikaushia nini. Alikwenda na raba zake, nami nikamwandikia mwalimu barua.

Jumamosi tulikwenda sokoni kwenye mitumba. Safari hii sikuchagua mimi. Alipekua rundo zima, akaniaibisha kwa kupunguza bei mpaka mwenye mali akacheka, akatoka na koti jeusi, refu, la wanaume. Kwangu lilikuwa baya kupindukia. Nikanyamaza, nikalipa.

Jumatatu jua lilikuwa kali sana. Nilimwona akilikunja na kulitia ndani ya mkoba, bila kuambiwa.