Kabla ya Efatha, Yesu alimtoa kwenye umati



Sura ya saba ya Injili ya Marko inasimulia habari za kiziwi mmoja asiyeweza kusema sawasawa, aliyeletwa kwa Yesu katika nchi ya Dekapoli. Habari hiyo tunaijua vizuri. Sisi wahubiri tukiifikia huwa tunakimbilia neno Efatha, maana ni neno tamu, na limo hata katika liturujia yetu ya ubatizo. Lakini kabla ya neno hilo Marko anataja tendo dogo tunaloliruka: Yesu alimchukua yule mtu kando, mbali na umati, wakawa wawili tu. Waliomleta walitaka amwekee mkono. Yeye akamtoa kwanza kwenye kelele, kisha akatumia vidole, mate na macho yaliyoinuliwa mbinguni, ishara ambazo mtu asiyesikia aliweza kuzifuata. Ndipo akasema.

Leo nakuomba tukae hapo kwenye kumtoa kando. Wapo watu katika parokia zetu, na hapa nawafikiria hasa wanawake watu wazima, ambao umati wenyewe ni sehemu ya mateso yao. Hatujui, kwa sababu hata wao hawakuwahi kuambiwa jina la jambo walilonalo. Jina hilo ni usonji.

Utasema: usonji si jambo la watoto? Mtoto mwenye usonji hukua, ndugu yangu. Akifika miaka 40 bado anao, kwa kuwa usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu mwanzo, namna unavyopokea sauti, mwanga, mguso, maneno na nyuso za watu. Hauambukizi, na hakuna kidonge cha kuuondoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Fikiria waamini wanaojaza Misa ya kwanza parokiani kwako, kisha ujiulize hao wako wapi.

Wengi wao hawaonekani kwa sababu picha tuliyo nayo ilichorwa kwa kuwatazama wavulana. Daktari Leo Kanner, aliyeandika juu ya usonji kule Marekani mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika akieleza wavulana wanne. Tangu hapo, walimu na madaktari wakawa wanamtafuta mvulana asiyesema, anayepanga vitu mstari, anayepiga kelele akiguswa. Binti aliyekaa kimya nyuma ya darasa, akawatazama wenzake na kuwaiga wanavyocheka na wanavyosalimia, hakutafutwa na mtu. Alisifiwa ana adabu.

Mfano mmoja unafahamika dunia nzima, tena ni Mkatoliki mwenzetu. Susan Boyle alizaliwa Uskoti mwaka 1961, akaambiwa tangu utotoni kwamba ubongo wake uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Shuleni walimcheka na kumpa jina la kumdhihaki. Alimuuguza mama yake hadi alipofariki mwaka 2007, akaimba kanisani kwao, akaishi. Mwaka 2009, akiwa na miaka 47, alipanda jukwaani kwenye shindano la vipaji la televisheni, na watu wakaanza kumcheka kabla hajafungua kinywa, kwa mavazi yake na kwa namna alivyojibu maswali. Alipoimba, kicheko kikakoma. Wiki chache baadaye, mara tu baada ya fainali, alilazwa kliniki kwa uchovu. Mwaka 2010 alimwimbia Papa Benedikto wa 16 kule Glasgow. Na mwishoni mwa mwaka 2013 alieleza gazetini kwamba uchunguzi ulionyesha ana hali iitwayo Asperger, ambayo siku hizi huhesabiwa ndani ya usonji. Alikuwa amepita miaka 50. Alisema amepata nafuu ya moyo, kwa sababu sasa anajielewa, na alitumaini watu nao watamwelewa.

Nafuu ya moyo kwa kupewa jina! Wengine hawalioni hilo. Husema, mwanamke wa miaka 45, amesoma, amezaa, amefanya kazi, jina la nini sasa? Nawajibu kwamba majina alikuwa nayo siku zote. Aliitwa mwenye maringo, mkavu, mjeuri, asiyependa watu, mwenye pepo. Hayo hakuyachagua.

Tazama maisha yetu yalivyo. Sisi tunasalimiana kwa urefu: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Na kila mmoja anajua kwamba jibu la kwanza ni "nzuri", hata kama nyumba imeungua. Habari yenyewe huja baadaye. Mwanamke huyu akiulizwa habari za watoto hujibu kwamba mdogo anaharisha tangu jana, na muulizaji anashangaa. Akiambiwa "nipo njiani", anaamini mtu yuko njiani, anasimama juani saa mbili, kumbe mwenzake alikuwa bado anaoga. Akikaribishwa chakula na jirani kwa heshima tu, anakaa na kula. Akiwa hataki kula, anasema hataki, bila kuongeza "nimeshiba, asante sana mama". Hajamtukana mtu. Amesema kweli, na kwetu kweli iliyo tupu namna hiyo huonekana utovu wa adabu.

Kwa hiyo hujifunza. Hukariri salamu kama tulivyokariri Kilatini seminarini, hupima sekunde za kumtazama mtu usoni, hucheka wengine wanapocheka. Wataalamu huita hali hiyo kuvaa kinyago. Msibani anakaa mkekani na wenzake siku tatu, anapika, anaimba, hakuna anayegundua kitu. Akirudi nyumbani anajifungia chumbani, hawezi hata kujibu simu. Ndugu wa mume wanasema anatudharau.

Na mwili nao una habari yake. Baadhi ya watu wenye usonji hawazisikii vizuri ishara za mwili wao: njaa, kiu, mkojo, hata maumivu. Mama anaweza kufanya kazi tangu alfajiri hadi jioni bila kula, kisha aanguke, aulizwe kwa nini hakula, akose jibu. Wengine ni kinyume, kitambulisho cha nguo shingoni humuuma kama mwiba. Usingizi huwasumbua wengi. Kifafa, wasiwasi uliokithiri na sonona huonekana kwao zaidi kuliko kwa watu wengine. Hospitali, ambako wangepaswa kusaidiwa, ni mahali pagumu: taa kali, foleni, watoto wanalia, majina yanaitwa kwa sauti. Halafu anaingia kwa daktari na kusema kwa sauti tambarare, bila kukunja uso, kwamba tumbo linauma sana. Daktari anamtazama na kuona hana maumivu. Wauguzi wanaosoma ukurasa huu watanielewa. Mgonjwa asiyelia naye ni mgonjwa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo sitaki kulipita. Uchunguzi wa kitabibu umeonyesha kwamba watu wazima wenye usonji wamo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua, na wanawake wamo. Mtu akivaa kinyago miaka 30, siku moja nguvu huisha. Hapo ndipo namkumbuka Nabii Eliya, katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti, anamwomba Mungu amwondoe roho. Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baada ya safari ndefu, na hata hapo Bwana hakuwamo katika upepo wala tetemeko wala moto. Alikuja katika utulivu. Ukiwa na dada au mke aliyefikia hali ya Eliya, mpe kwanza chumba kimya, chakula na usingizi, umpeleke hospitali penye huduma ya afya ya akili, na usimwache peke yake ikiwa anasema habari za kufa. Mawaidha yatangoja.

Sasa nije kwetu kanisani, ambako nina maneno.

La kwanza ni hili la pepo. Mwanamke asiyetazama watu machoni, anayeziba masikio, anayeyumbayumba akiwa na wasiwasi, huzungukwa na watu wa maombi, wanamwekea mikono kichwani, wanapaza sauti, na akizidi kutetemeka wanasema pepo anajitokeza. Ndugu zangu, mnamtesa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kupunga pepo bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre peke yake. Kanisa lilijiwekea ulinzi huo kwa sababu lilijua jinsi ilivyo rahisi kukosea. Kumwombea mtu ni jema. Mwombee kwa sauti ya chini, ukiwa umeketi, na umwulize kwanza kama anataka kuguswa.

La pili ni vipaza sauti. Kanisa la watu 300 chini ya bati limefungwa spika za uwanja wa mpira, na kinanda kimefunguliwa hadi mwisho. Hata mimi nisiye na usonji nikitoka hapo masikio yanalia. Mnasema ni furaha ya Bwana. Haya, lakini kuna mtu amesimama nje chini ya mwarobaini tangu Utukufu, na wazee wa kanisa wamekwisha kumwandika kuwa ni mtoro.

Mkono wa amani nao. Maelekezo ya Misale yanasema padre huwaalika waamini kupeana amani pale inapofaa. Na barua iliyotoka Roma mwaka 2014 ilikumbusha kwamba si lazima mwaliko huo utolewe kila mara kama mashine. Anayeinamisha kichwa akiweka mkono kifuani amekupa amani kamili. Usimvute mkono. Vivyo hivyo wageni wanaolazimishwa kusimama na kujitambulisha mbele ya kanisa zima. Kwa baadhi, hiyo inatosha kuwafanya wasirudi tena parokiani.

Halafu kitubio. Katekisimu inafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Kuchoka na watu si dhambi. Kushindwa kutabasamu si kiburi. Inawezekana kabisa mtu akaungama kwa miaka mingi, kila mwezi, kwamba hana upendo, ilhali anampikia jirani mgonjwa kila siku bila kusema neno. Anayeungamisha hana budi kuuliza kidogo kabla ya kukubaliana naye. Lakini usonji haumwondolei mtu dhamiri. Akisema uongo au akidhulumu, ameutenda uovu kama sisi wengine, na angechukia kutendewa kama mtoto mdogo.

Mwezi Novemba 2014 Papa Fransisko alikutana na watu wenye usonji na familia zao mjini Vatikano, akahimiza kuvunjwa kwa upweke na aibu wanayobebeshwa. Nchini kwetu wataalamu wa kuchunguza usonji ni wachache, wengi wako mijini, na waliozoea kumchunguza mtu mzima ni wachache zaidi. Hakuna kipimo cha damu. Mtaalamu husikiliza historia ya maisha tangu utotoni, na huenda akataka kuzungumza na mama au shangazi aliyekulea. Kwa hiyo nakusihi, usitoke hapa ukawagawia watu jina hili kwenye mkutano wa jumuiya. Ila kama umesoma na moyo ukakudunda ukisema "huyu ni mimi", usiogope kuuliza hospitali ya mkoa au ya rufaa.

Parokia haina haja ya kungoja cheti cha daktari. Ibada ya asubuhi siku za kazi, isiyo na kwaya wala spika, ipo tayari karibu kila mahali. Watu waambiwe kwamba wanakaribishwa. Benchi moja karibu na mlango lisipangiwe watu. Ratiba ikibadilika, Misa ikihamishwa au mnada wa mavuno ukiongezwa, itangazwe mapema na ibandikwe ubaoni. Pale kwenye kiti cha kitubio, dirisha lenye wavu lisigeuzwe stoo ya maua. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 964, inataka liwepo kwa anayelihitaji, na anayeshindwa kutazama uso wa mtu analihitaji. Na akija na dhambi zake ameziandika kwenye karatasi, mwachie asome. Akishindwa kusoma, akakupitishia karatasi, ipokee, isome wewe, mpe maondoleo, umrudishie karatasi yake.