Aliyefilisika Asifungiwe Mlango wa Benki

Deni si jambo geni katika visiwa vyetu. Wazee wetu wenye mashamba ya karafuu walikuwa wakikopa kabla ya mavuno na kuyaweka mashamba yao kwa bei ya khiyari. Msimu ukiharibika, shamba likaenda na deni likabaki. Mzigo huo ulikuwa mzito kiasi ambacho mwaka 1934 serikali ya kikoloni ililazimika kuweka sheria ya kudhibiti uhamishaji wa ardhi na kusimamisha kwa muda madai ya wadai. Tunaikumbusha historia hii kwa sababu mdaiwa wa leo anakabiliwa na dhiki ile ile, ila imevaa kanzu nyingine. Wa zamani alipoteza shamba. Wa leo hupoteza pia njia ya kupokelea ujira wake.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni, wapo wengi waliokuwa wamekopa kwa kutegemea utalii: mwenye gari la kukodisha, muuza vinyago, mwanamke anayepeleka mboga na samaki hotelini. Mapato yalikatika, lakini tarehe ya kulipa haikusogea. Hao si wavivu wala si walaghai. Biashara imewaangusha, kama inavyoweza kumwangusha yeyote miongoni mwetu.

Sasa tutazame linalotokea baada ya hapo. Mikataba ya mikopo kwa kawaida huipa benki haki ya kukata deni lake katika fedha zozote zinazoingia katika akaunti ya mdaiwa. Mtu huyo akipata kibarua kipya na ujira ukapitia benki ile ile, fedha huweza kukatwa kabla hajanunua hata kibaba cha mchele. Akienda benki nyingine, anaogopa kuulizwa habari za deni lake, na pengine anarudishwa mlangoni. Mwisho wake huomba fedha zake zipitie akaunti ya shemeji au ya jirani, au huzificha chini ya mto. Njia ya kwanza huzaa fitina baina ya jamaa, na ya pili huzaa wizi. Zote mbili hazimsaidii mdai hata kwa shilingi moja, kwani mtu asiye na pa kupokelea ujira hawezi kuweka akiba ya kulipa deni.

Hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mkopo ni fedha za benki zilizo mikononi mwa mteja. Akaunti ya kuweka na kutoa ni fedha za mteja zilizo mikononi mwa benki. Kumnyima mufilisi mkopo ni busara, na sheria za mufilisi zenye asili ya Kiingereza zimemkataza, kabla hajaachiliwa na mahakama, kukopa kupita kiwango kilichowekwa bila ya kueleza hali yake. Lakini kumnyima mahali pa kuweka fedha zake mwenyewe ni jambo jingine kabisa, maana benki haibebi hatari ya mkopo katika akaunti isiyoruhusu kutoa zaidi ya kilichomo.

Nchi nyingine zimeshaliona hilo. Ufaransa, kwa sheria yake ya benki ya mwaka 1984, ilimpa mtu asiye na akaunti haki ya kuwa nayo, na Benki Kuu ya nchi hiyo humtajia benki ambayo ni lazima impokee. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la namna hiyo mwaka 2014. Uingereza ilitunga kanuni zake mwaka 2015, na tangu mwaka 2016 benki kubwa zilizotajwa na serikali zinawajibika kutoa akaunti ya msingi isiyo na ada ya uendeshaji wala ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo, hata kwa mtu aliyefilisika. Wanaoweza kukataliwa ni kama wale wa udanganyifu na fedha haramu. Hapa Afrika, benki za Afrika Kusini zilianzisha mwaka 2004 akaunti nyepesi ya Mzansi kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Wala sisi hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta hekima hii. Sura ya Al-Baqara imetuagiza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, walipoeleza namna ya kuizuia mali ya mufilisi, walimwachia nguo zake, na chakula chake na cha wale walio juu yake mpaka mali igawanywe. Maana yake ni kwamba deni lilipwe, lakini mtu asiangamizwe.

Kwa wananchi tunasema: deni ni deni, na kulikimbia ni khiana. Aliyezidiwa aende kwa mdai wake mapema, aeleze ukweli na aombe mpango mpya wa kulipa. Akifungua akaunti, na iwe katika benki isiyomdai. Achukue kitambulisho chake na barua ya sheha, aseme waziwazi kwamba anataka akaunti ya kuweka na kutoa tu, wala asifiche hali yake akiulizwa. Ikiwa shauri lake liko mahakamani, amjulishe msimamizi wa mali yake, kwani akaunti si pango la kufichia mali ya wadai.

Kwa wakuu wa Serikali na wa benki tunasema: Benki ya Watu wa Zanzibar iliasisiwa mwaka 1966, miaka miwili baada ya Mapinduzi, na jina lake lenyewe linatosha kuwa mawaidha. Kanuni za benki ziseme waziwazi kwamba kufilisika peke yake si sababu ya kumkatalia mtu akaunti ya msingi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, ili ajue pa kulalamikia. Aidha, uwekwe mpaka wa makato, ili katika ujira wa kila mwezi ibakie sehemu ya kulisha watoto.

Mdai mwenye akili hamfungi kamba ng'ombe anayemtegemea kwa maziwa akamwacha bila ya majani. Mufilisi wa leo akiachiwa njia ya kufanya kazi na kupokea ujira wake, kesho atalipa deni lake na kusimama tena miongoni mwa wenzake. Akifungiwa mlango, hasara itakuwa yake, ya mdai wake, na ya nchi nzima.